Gramu Mia Nne za Ipole

Programu ya ghala letu la asali hapa Tabora
ina umri wa Nyamizi kasoro mwaka mmoja.
Aliiandika Nkwabi, karani aliyejifundisha mwenyewe usiku,
kwa lugha ambayo vyuoni siku hizi huitaja
kama anavyotajwa marehemu asiyeacha deni.
Inapokea ndoo, inatoa uzito wa ndoo tupu,
inakata mkopo wa mizinga, inachapa stakabadhi.
Miaka ishirini na miwili.
Haijalala ila umeme ulipolala.

Nyamizi amerudi kutoka Dodoma na mbinu mpya.
Aliifungua Jumatatu, akasoma mpaka chai ikaota utando,
kisha akasema, "Kaka Sizya, hii ni nyumba ya chumba kimoja:
jiko, kitanda na mbuzi, vyote humohumo."
Anataka aigawe vipande, kila kipande na kazi yake,
kila kazi na jaribio lake,
na kisichobadilika kitamkwe wazi kwamba hakibadiliki.
Nilitaka kumpinga, nikakosa pa kushika.

Nikamwambia, usiache mbachao kwa msala upitao.
Akasema, mbachao una matundu,
magoti yako yanasujudu udongoni.

Si kwamba hayo mapya siyajui.
Naogopa kitu kingine, na sikumwambia:
tukiigusa itajulikana
kuwa miaka tisa nimelinda nisichokielewa,
mlinzi wa lango asiye na ufunguo.

Ugomvi ulianzia mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Kituo kikiwa Ipole, ongeza gramu mia nne.
Sababu hakuna. Pembeni pameandikwa tu: Usiguse. Nkwabi.
Nyamizi akacheka. "Huyu alikuwa na shemeji Ipole."
Nami, Mungu anisamehe, nikacheka,
halafu nikapiga hesabu, kicheko kikakauka:
gramu mia nne kila ndoo, kila msimu,
ni matanki ya asali tuliyoilipia bila kuiona.
Na Nkwabi amezikwa Ndala. Hapigiwi simu.

Alhamisi tukapanda pikipiki, Nyamizi akiendesha,
mimi nyuma nimepakata jiwe la mizani la kuazima,
kilo ishirini, lina muhuri wa serikali.
Miombo ilikuwa inatoa majani yake mekundu,
yale yanayowahi kabla ya mvua.
Mwashi, karani wa kituo, akafuta sahani ya mizani
kwa kitambaa kilichokakamaa nta.
Tukaweka jiwe.
Kilo kumi na tisa, gramu mia sita.
Tukaliondoa. Tukaliweka tena.
Kumi na tisa, mia sita.

"Iko hivyo tangu ianguke kwenye lori," Mwashi akasema.
"Nkwabi alikuja, akaitazama, akaahidi kuitengeneza.
Tulidhani atarudi na spana."

Nyamizi hakusema neno mpaka Sikonge.
Pale, tukinywa soda, akasema:
"Siku watakapoleta mizani mpya
mstari huuhuu utageuka mwizi,
na hakuna atakayejua, maana umeambiwa usiguswe."
Nikaona wote wawili wana haki,
yeye na yule aliyeko Ndala,
na mimi katikati sikuwa na haki yoyote, nilikuwa na woga tu.

Usiku hatukubomoa kitu.
Aliandika jaribio moja, kwa lugha yake mpya,
likaiuliza programu ya zamani swali moja:
ndoo ya Ipole ikisoma kumi na tisa na mia sita, ni kilo ngapi?
Ishirini, ikajibu.
Jaribio akaliita jiwe_la_ipole.
Nikavuta kiti, nikamwomba anionyeshe tena, polepole.

Mwenyekiti anataka jibu Jumamosi: tunahama, hatuhami?
Sina jibu la kutosha kikao.
Imebaki mistari elfu tatu na ushee ambayo hatujaiuliza lolote.
Wa mia tano na tatu unasema:
mwezi wa Machi, Jumanne isihesabiwe.
Usiguse. Nkwabi.

Kesho tunakwenda kuiulizia Jumanne.